Liemba haikuzama vile: maoni kuhusu The African Queen

Ukitaja MV Liemba mbele ya watu, haichukui muda mtu atasema "si ile meli ya kwenye The African Queen?" Basi nimeitazama tena filamu hiyo ya John Huston ya mwaka 1951. Inachekesha, waigizaji wako vizuri, lakini meli yetu imeonewa.

Kwa asiyeijua: Humphrey Bogart ni fundi wa kimashua cha mvuke, Katharine Hepburn ni mmisionari. Wanateremka mto wakati wa Vita vya Kwanza ili walipue meli ya Kijerumani inayotamba ziwani. Mwishoni meli inalipuka kweli, nao wanaogelea wakiimba. Kwisha habari.

Meli halisi iliyo nyuma ya hadithi hii iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa ajili ya abiria na mizigo. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, halafu ikapanda reli ya kati. Yaani ilipita Manyoni na Itigi, hapa kwetu Singida, ikiwa bado mzigo! Ikaungwa upya Kigoma na kuingia majini Februari 1915, vita vikiwa vimeshaanza. Wakaifunga mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyokwama delta ya Rufiji.

Hakuna aliyeilipua. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanaikimbia Kigoma, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Ila kwanza mafundi walizipaka injini grisi nene. Hapa ndipo pana utamu wa kisayansi ambao filamu imeukosa. Kutu inahitaji maji na oksijeni vikutane na chuma, na grisi inavizuia visifike. Halafu maji ya Tanganyika si ya chumvi. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu hukimbia kwa sababu hiyo. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza walipoitoa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na iliendelea kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970.

Kwa haki, filamu inaheshimu ufundi mahali pamoja: pale shafti inapopinda na propela kuvunjika, wakavitengeneza ufukweni kwa moto wa kuni. Ni sehemu bora kuliko zote. Lakini kuna boila ambalo Bogart analipiga teke kila mara, na sababu anayotoa ni kwamba kijana wake mmoja wa mgodini aliangusha bisibisi ndani. Baada ya kijiji kuchomwa mwanzoni, Waafrika karibu wote wanatoweka kwenye hadithi. Fundi wa Kiafrika tunayemsikia ni huyu mmoja tu, hana jina wala sura, na ametajwa kwa kuharibu. Sasa yale makasha 5,000 yalishushwa na nani? Mabati yale yalishikiliwa na nani wakati wa kupigwa ribiti? Filamu haina hata swali.

Wajapani wana meli yao, Hikawa Maru, ya mwaka 1930. Ilibeba abiria kwenda Seattle, vita vikaigeuza hospitali, ikasalimika wakati meli wenzake wengi waliishia chini ya bahari. Leo imetia nanga Yokohama na watu wanaingia kuitazama, vyumba vya abiria na injini pia. Hapo meli yenyewe ndiyo hadithi, na vita ni sura moja tu ya maisha yake.

Liemba nayo ina sura nyingine. Mei 2015 ilikuwa inawatoa wakimbizi wa Burundi Kagunga, kijiji ambacho hufikiwi ila kwa maji, mamia kwa mamia kila safari, hadi Kigoma. Ganda ni lile lile la Papenburg. Filamu ya safari hizo mimi ningeilipia kiingilio.