Jua Lisilong'aa

Wengi wetu tumezoea picha za jua linalochomoza likitoa miali mikali, kama zile za kwenye kalenda. Claude Monet hakuchora hivyo. Mwaka 1872, katika bandari ya Le Havre nchini Ufaransa, aliichora bahari ya alfajiri na baadaye akaiita picha hiyo Impression, soleil levant, yaani mguso alioupata jua lilipokuwa likichomoza. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, mwandishi Louis Leroy aliidhihaki kuwa ni kazi isiyokamilika.

Tukiitazama kwa haraka tutakubaliana naye. Maji na anga vimepakwa rangi za samawati na kijivu, nyepesi, kwa brashi iliyokwenda mbio. Milingoti ya meli ni kama vivuli. Mashua ya mbele ni mipigo michache tu ya rangi nzito, na zilizo nyuma yake zinazidi kufifia ndani ya ukungu. Ndivyo Monet anavyotupa umbali, na pamoja nao ukimya wa saa ile.

Jua lenyewe ni duara dogo la rangi ya chungwa. Picha hii ikitolewa nakala ya rangi nyeusi na nyeupe, jua karibu linapotea, kwa maana halikupakwa kwa mwanga unaozidi ule wa anga inayolizunguka. Tunaliona kwa sababu ya rangi yake tu: joto kidogo katikati ya baridi.

Hapa tujihadhari. Monet hakuchora mahubiri, wala hatuna ruhusa ya kuligeuza jua lake kuwa Kristo. Hata hivyo, picha hii inatusahihisha. Katika ibada zetu tunapenda ushuhuda unaong'aa: nilikuwa mgonjwa, nimepona. Aliyefiwa, au aliyeomba mwaka mzima bila jibu, hukaa kimya kwenye benchi akidhani imani yake imekwisha. Nasi tumemwacha adhani hivyo.

Monet hakungoja ukungu utoke ndipo achore, na watu wa mashua ile wako majini kabla hakujapambazuka vizuri. Ndugu yetu anayekuja kanisani akiwa na mwanga hafifu kama ule naye amekuja na ushuhuda. Tumpe nafasi ya kuusema, bila kumharakisha afike kwenye sehemu ya kupona.