Simu Haipimwi Ikiwa Imeshiba

Ingia duka lolote la simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, uombe kuona toleo jipya. Utapewa ile ya kuonyeshea wateja: chaji asilimia 100, memori tupu, kioo kimefutwa kwa kitambaa laini, na video ya samaki wa rangirangi iliyowekwa na kiwanda makusudi ili macho yako yalegee. Dukani kuna kivuli, kuna feni, mtandao uko vijiti vyote. Katika hali hiyo hakuna simu mbaya. Hata kimeo cha elfu themanini kitateleza kidoleni kama sabuni iliyoloa.

Ugonjwa wangu wa simu ulianza na Nokia 1100, ile ya mwaka 2003 yenye tochi kichwani, na tangu hapo nimenunua nyingi kuliko nilivyowahi kumwambia mke wangu. Ada ya masomo hayo nimelipa mwenyewe. Nilichopata ni kipimo kimoja tu, vingine vyote ni watoto wake: simu ipime ikiwa na njaa. Chaji imebaki asilimia 12, memori imejaa video za harusi, jua la saa saba liko utosini, mtandao una kijiti kimoja kinachopepesuka. Tabia itakayoonyesha hapo ndiyo utakayoishi nayo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutoka nayo nje. Muuzaji atasita, na ana haki, Kariakoo watu hukimbia na simu. Mwambie mtoke wote hadi kibarazani. Fungua ujumbe wowote, usome juani bila kukinga kwa mkono. Ukijikuta umeinua kiganja kama nahodha anayetafuta nchi kavu, kioo hicho kimefeli, hata kama boksi limeandikwa AMOLED kwa herufi za dhahabu. Ni kweli AMOLED ina raha yake: kila nukta hujiwasha yenyewe, hivyo nyeusi inakuwa nyeusi kweli, tofauti na LCD ambayo taa yake iko nyuma na huvuja hadi nyeusi ikawa kijivu. Lakini raha hiyo ni ya chumbani usiku. Juani kinachokuokoa ni ukali wa mwanga, na nimeshika LCD za kawaida zilizosomeka kuliko AMOLED za bei poa. Siku moja kijana wa duka aliniuliza, "Mzee, unanunua simu au unaifanyia usaili?" Nikamjibu kuwa ni usaili, na maswali magumu bado.

Swali gumu ni kamera. Watu wengi hupiga picha ya ukuta au ya rafu ya makava, wakaikuza kwa vidole viwili, wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Ukuta hauna ngozi. Chukua watu wawili, mmoja mweusi tii na mwingine maji ya kunde, wasimamishe mlangoni mwanga ukiwa nyuma yao, upige. Kisha mwangalie yule wa kwanza. Kamera mbaya itamgeuza kivuli chenye meno, au itamwangaza kwa nguvu hadi ngozi yake iwe rangi ya majivu, kama mtu aliyetoka kitandani baada ya malaria. Kamera nzuri itamwachia weusi wake na mng'ao wake, na wakati huohuo haitampausha mwenzake wala kuufanya mlango kuwa shimo jeupe. Nimewahi kurudisha kabatini simu ya bei kubwa kwa picha hiyo moja.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Kwa miongo mingi rangi za filamu za Kodak zilirekebishwa maabara kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyokuja kujulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Wazee wetu waliovaa suti zao wakaenda studio, picha zikatoka hazionyeshi pua wala shavu, hawakuwa na kosa. Kipimo hakikuwa chao. Kamera za kidijitali zilirithi sehemu ya tabia hiyo, maana ndani yake kuna programu inayoamua uso uko wapi na uangazwe kiasi gani, na programu hujua kile ilichofundishwa. Ndiyo maana Google ilipotoa Pixel 6 mwezi Oktoba 2021 ilikuja na kitu ilichokiita Real Tone. Na ndiyo maana Tecno, ambayo pamoja na Infinix na itel ni mali ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, ilijijengea jina Afrika kwa kutangaza simu zinazojua kupiga ngozi nyeusi, hasa zile za Camon. Maoni yangu ni kwamba Camon huangaza uso vizuri, ila ina haraka ya kupaka poda. Zima kwanza kile kipengele cha kulainisha uso. Usipokizima unaipima poda.

Kuhusu megapikseli nitasema kidogo, kwa sababu wauzaji wanasema sana. Sensa ya kamera ni kama sinia lililowekwa uani wakati wa mvua. Ukiligawa vibakuli 50 au 108, mvua inayoingia ni ileile, ila kila kibakuli kinapata matone machache. Ndiyo sababu simu ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja ikakupa picha ya 12.5, na ya 108 huunganisha tisa ikakupa 12. Muulize muuzaji ukubwa wa sinia. Hatajua. Basi mpige picha mtoto anayekimbia chini ya taa ya tyubu usiku, utapata jibu lako kwenye miguu yake.

Betri nayo imekuwa mashindano ya namba. Boksi baada ya boksi limeandikwa mAh 5,000, kwa hiyo namba hiyo haikusaidii kuchagua. Mimi hutazama mteremko wa mwisho. Simu yenye adabu hushuka kutoka 20 hadi 1 hatua kwa hatua, ikikupa muda wa kutafuta chaja au kuaga. Isiyo na adabu iko 14, unapiga picha moja, imezima. Kisha joto: piga simu ya video dakika kumi uiguse mgongoni. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa kama pasi, ujue betri inalika taratibu, maana joto huzizeesha vibaya betri za lithiamu, na Dar es Salaam tunalo la kutosha kabla simu haijaongeza lake. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka betri ya simu inayoingia sokoni kwao ivumilie mizunguko 800 ya chaji ikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo wake. Kumbuka hesabu hiyo ukiletewa simu ya mtumba kutoka Dubai inayosemwa ilitumika miezi miwili tu. iPhone huonyesha afya ya betri kwa asilimia kwenye mipangilio. Ukikuta 100 kwenye simu ya miaka minne, usifurahi, jiulize nani alibadilisha betri na aliweka ipi.

Ujanja mwingi zaidi uko kwenye memori. RAM ni meza ya fundi cherehani, hifadhi ni stoo yake. Siku hizi boksi huandikwa RAM 8+8, ukadhani umepata meza ya kumi na sita. Ile nane ya pili ni pembe ya stoo: nguo zikijaa mezani zinapelekwa nyuma, zikihitajika zinafuatwa. Inasaidia, lakini si meza. Na stoo yenyewe ina aina zake. Ile ya eMMC ina mlango mwembamba, anayeingia humsubiri anayetoka. Ya UFS wanapishana. Dukani zote mbili zitaonekana sawa. Zijaze makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya msikitini au kanisani, ya wazazi wa darasa la nne, ndipo utajua ipi inagandaganda ukifungua kamera. Kwa kuwa hilo haliwezekani dukani, tafuta mtu aliyenunua toleo hilohilo mwaka jana, umwombe uishike yake dakika tano.

Au nenda kwa fundi. Wajuzi wa kweli wa simu, nionavyo mimi, hawako kwenye video za kufungua maboksi. Wako kwenye vibanda vya mita moja na nusu, na hita, mswaki wa kusugulia bodi na kopo la spiriti. Usimuulize simu gani nzuri, atakutajia ile anayoiota. Muulize ipi huletwa mfumo wa chaji umekufa, kioo cha toleo hili kinapatikana wapi, na bei yake ikoje ukilinganisha na simu yenyewe. Kioo kikifika nusu ya bei ya simu, umenunua simu ya kudondoka mara moja. Jibu lake nalo lichuje: simu inayouzwa sana ndiyo itakayoletwa sana, kama IST zinavyojaa gereji bila kuwa gari baya.

Fundi ndiye pia aliyenizindua kuhusu maji. IP67 maana yake simu ilistahimili kina cha mita moja kwa dakika 30, katika maji yasiyo na chumvi, ikiwa mpya. Bahari ya ufukwe wa Coco haimo kwenye mtihani huo. Na ikishafunguliwa mara moja kubadilishwa kioo, gundi ya kiwandani imeondoka. Hiyo IP67 imebaki kwenye boksi.

Kuhusu feki hatuna kisingizio. Bonyeza *#06#, zitokee tarakimu 15 za IMEI, zilinganishe na za kwenye boksi, kisha zitume kwa ujumbe kwenda 15090 na usome jibu kwa makini, kwa sababu feki nyingine huazima IMEI ya simu halisi ya aina tofauti kabisa. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizizima simu bandia tarehe 16 Juni 2016. Kenya walitutangulia mwaka 2012. Simu zilipozimwa kwetu, nawajua watu walioamka kesho yake wakiwa na saa ya mezani yenye kamera.

Jambo ambalo sikulijali kwa miaka na sasa nalitanguliza ni hili: simu itaendelea kupata masasisho hadi lini? Pixel 8 ya mwaka 2023 na Galaxy S24 ya mwaka 2024 ziliahidiwa miaka saba. Simu nyingi za bei ya chini hazifiki karibu na hapo. Tofauti huonekana baadaye, programu ya benki inapokataa kufunguka kwa sababu toleo ni la kale, na ile simu ya kifahari uliyopata kwa bei ya bure inageuka redio. 5G, kwa upande mwingine, siipi uzito. Vodacom waliiwasha Tanzania Septemba 2022, lakini kama mtaani kwako haijafika unalipia herufi. Afadhali uingie na simu kwenye lifti au chumba cha chini cha ghorofa, upige, usikilize kama sauti inakatika.

Huduma za pesa kwa simu nazo zina saa yao ya njaa, nayo ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa moja jioni, kila mtu anatuma nyumbani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 ikaingia kwetu 2008. Mwaka 2014 mitandao ya Tanzania ikaanza kupitishiana pesa, na Vodacom ikajiunga 2016. Leo menyu zinafanana hadi unaweza kuzichanganya. Kabla sijahamishia hela zangu kwenye laini yoyote, hutuma elfu moja katika saa hiyo mbaya, nikahesabu sekunde hadi ujumbe uingie, nikatazama kama jina la mpokeaji linatokea kamili kabla sijaweka namba ya siri, na kama makato naambiwa mapema au nakuja kuyakuta kwenye salio. Halafu napima ujumbe wa kitapeli. Laini inayopokea "ile hela tuma kwenye namba hii" mara tatu kwa wiki inakueleza kitu kuhusu ulinzi wa mwenye mtandao.

Kipimo kikubwa zaidi nilikipata bila kukitafuta. Mwaka juzi nilikosea tarakimu moja, elfu sitini ikaenda kwa mtu nisiyemjua. Jina lilitokea, mimi sikulisoma. Nikapiga huduma kwa wateja, nikasikiliza wimbo wao mara tisa, sasa naujua kuliko wenyewe. Binti aliyepokea aliniita baba, akaomba namba ya muamala, akaizuia pesa tukiwa bado kwenye simu. Ilirudi Jumatatu, pungufu ya makato. Kwenye mtandao mwingine, kwa kosa la aina hiyohiyo, niliambiwa nimbembeleze mwenyewe aliyepokea, na alikuwa amezima simu. Laini ya yule binti bado ninayo. Iko kwenye kitochi, chaji inakaa siku nne.