Pima Kwanza, Spea Baadaye

Gari linaloshuka kutoka Sumbawanga kwenda Mtowisa kupitia Ntendo na Muze huuacha uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuingia Bonde la Rukwa, chini kwa karibu mita 1,000. Hewa ya bondeni ni nzito zaidi kwa takriban sehemu moja ya kumi. Injini ya petroli nayo hutaka kilo 14.7 hivi za hewa kwa kilo moja ya mafuta, bondeni na mlimani. Anayeshika hesabu hiyo njia nzima ni sensa ya hewa. Ndani yake mna waya mwembamba uliopashwa moto; hewa ikipita huupoza, na umeme unaotumika kuurudishia joto ndio kipimo kinachopelekwa kwenye kompyuta ya gari.

Wafipa, wenyeji wa uwanda huo, hawakuanza jana kuheshimu hewa. Wahunzi wao walijenga malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyovuta upepo yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Mivukuto ilingoja kintengwe, tanuru dogo la kusafishia chuma.

Turudi kwenye gari: likikosa nguvu, likila mafuta na kuwasha taa ya injini, fundi mwenye pupa huagiza sensa mpya. Fundi wa kweli huanza na eakilina, yaani kichujio cha hewa, kwani vumbi la barabara ya bondeni huiziba upesi. Kisha hupapasa mpira wote unaotoka kwenye sensa: ukipasuka, hewa huingia bila kuhesabiwa, na sensa nzima ikasingiziwa.

Hapo ndipo mita ya kupimia volti hutoka mfukoni. Kwenye Toyota nyingi soketi ina nyaya tano, na mbili kati yake ni za kupimia joto la hewa. Swichi ikiwashwa, waya wa kuleta umeme usome volti za betri, na wa hasi uwe umeshika vizuri. Injini ikinguruma taratibu, waya wa ishara husoma kama volti moja na ushee. Akikanyaga mafuta, namba ipande bila kusitasita. Huigonga sensa polepole kwa mpini wa bisibisi: injini ikishtuka, kuna hitilafu ndani. Mwisho huzima gari, huchomoa soketi na kuwasha tena. Likitulia kuliko mwanzo, huenda sensa ndiyo inayodanganya kompyuta.

Hata hapo hakimbilii dukani. Huipulizia dawa maalumu ya kusafishia sensa, akaiacha ikauke yenyewe, bila kitambaa wala upepo wa kompresa, maana waya ule mwembamba huweza kukatika kwa kuguswa tu.

Kazi hii yote inafanyika uani, kwa mita ya bei nafuu na saa moja ya utulivu. Basi ukiambiwa sensa yako imekufa, kabla hujatoa pesa muulize fundi: umesoma volti ngapi?