Kaizari na Cheo cha Kuhani Mkuu: Kuisoma Juliasi Kaizari Kabondo

1.0 Utangulizi

Tafsiri ya Mwalimu Julius K. Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 ilitoka tena ikiwa imesahihishwa, na jina lake sasa likawa Juliasi Kaizari. Mjadala juu ya kazi hii umeelemea zaidi upande wa lugha: uwezo wa Kiswahili kuubeba ushairi usio na vina, uteuzi wa msamiati, na nafasi ya mfasiri aliyekuwa pia kiongozi wa taifa. Makala haya hayakusudii kuurudia mjadala huo. Yanakusudia kulijibu swali moja lililozuka katika mtaa wa Kabondo, mjini Kisangani, tulipokuwa tukiisoma tamthilia hii pamoja na kikundi kidogo cha wanafunzi.

Tulikuwa katika onyesho la mwanzo la sikukuu ya Luperkali. Kaizari anamwagiza Antonius amguse Calpurnia wakati wa mbio ili aondokewe na utasa, kisha anaamuru kwamba sherehe ifanywe yote bila kupunguza kitu. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu ni mfalme au ni padri?" Wenzake wakacheka. Mimi nami nilitabasamu, nikajibu haraka kwamba Kaizari alikuwa jemadari, tukaendelea na ukurasa uliofuata. Jibu langu halikuwa kamili, na makala haya ni njia ya kulisahihisha. Hoja yetu ni kwamba Kaizari alikuwa ndiye mkuu wa dini ya Roma, kwamba Shakespeare hakulitaja jambo hili popote katika tamthilia, na kwamba msomaji wa Kiswahili asipolirudisha atakikosa kiini cha mauaji yenyewe.

2.0 Neno na mzigo wake

Kicheko cha wanafunzi wale kina sababu za kilugha. Kisangani ni mji ambamo Kiswahili na Kilingala vinakutana kila siku, na Kifaransa kikitawala shuleni. Kijana wa Kabondo ana maneno kadhaa ya kumtaja mtu wa ibada. Anasema padri, neno lililotoka kwa Wareno. Akisali kwa Kilingala, anasema nganga Nzambe, yaani mganga wa Mungu. Na akifungua Biblia ya Kiswahili anakutana na kuhani, neno lenye ujamaa na kohen la Kiebrania na kahin la Kiarabu, ambalo kabla ya Uislamu lilimtaja mpiga ramli na mtabiri.

Maneno haya yana asili mbalimbali, lakini katika matumizi ya leo yanashirikiana katika jambo moja: yote yanamtenga mtu wa ibada na mtawala. Padri haamrishi jeshi. Tukisema "kuhani mkuu", sura inayotujia mara moja ni ya Kayafa, na pembeni yake amesimama Pilato. Mmoja ana hekalu, mwingine ana askari. Msomaji aliyelelewa na picha hiyo hawezi kumdhania Kaizari kuwa kuhani, kwa kuwa katika kisa anachokijua Kaisari ni yule aliyemtuma Pilato. Kwa hiyo, hata kama tafsiri ingekuwa na neno "kuhani mkuu" katika kila ukurasa, neno hilo peke yake lisingetosha kutuonyesha cheo cha Kirumi. Hapana budi kwanza tukieleze cheo chenyewe.

3.0 Cheo cha pontifex maximus

Dini ya Roma ya kale haikuwa na kanisa lililosimama kando ya dola. Ilikuwa sehemu ya dola, nayo iliendeshwa na mabaraza ya raia wenye nasaba na mali, watu walewale walioketi katika Seneti na kuongoza majeshi. Maaguri walisoma ishara za ndege. Waharuspisi, wenye elimu iliyotoka kwa Waetruski, walichunguza matumbo ya wanyama waliochinjwa. Mapontifi, ambao idadi yao ilifikishwa 15 wakati wa Sulla, walisimamia sheria ya mambo matakatifu: mazishi, wasia, aina fulani za kuasili watoto, kumbukumbu za miaka, na kalenda. Mkuu wao, pontifex maximus, aliwasimamia pia mabikira wa Vesta waliotunza moto wa mji.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mkuu huyu hakuwa mwonaji wala mganga. Hakupokea ufunuo. Kazi yake ilikuwa kujua ni ibada gani inafanywa, siku gani, na kwa utaratibu gani. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa karibu zaidi na jaji au mtunza kumbukumbu kuliko na nabii. Aidha, alichaguliwa kwa kura. Mwaka 63 K.K. Caesar aligombea cheo hicho dhidi ya wazee wawili waliomzidi umri na heshima, Quintus Catulus na Servilius Isauricus. Plutarch anasimulia kwamba asubuhi ya uchaguzi alimwambia mama yake kuwa siku hiyo atamwona mwanawe akiwa mkuu wa makuhani au mkimbizi. Alishinda, akahamia katika nyumba ya umma iliyokuwa kando ya Njia Takatifu, akabaki na cheo hicho hadi kifo chake mwaka 44 K.K.

Kulikuwa pia na kuhani aliyeitwa rex sacrorum, yaani mfalme wa ibada. Warumi walipowafukuza wafalme wao walihifadhi jina hilo kwa ajili ya kafara tu, wakamkataza mwenye kulichukua asishike madaraka ya kisiasa, na wakamweka chini ya pontifex maximus. Basi Roma iliyochukia neno "mfalme" ililifungia neno hilo ndani ya hekalu, na ufunguo ukawa mkononi mwa mkuu wa mapontifi. Swali la mwanafunzi wa Kabondo, mfalme au padri, lilikuwa swali la Kirumi hasa.

4.0 Alichokiacha Shakespeare

Shakespeare alimsoma Plutarch katika tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North, iliyotoka mwaka 1579. Habari za uchaguzi wa mwaka 63 K.K. zimo humo. Hata hivyo hakuzitumia. Katika tamthilia yake dini ya Roma imebaki kuwa ishara na vitisho: mtabiri anayeonya kuhusu tarehe 15 Machi, simba barabarani, ndoto ya Calpurnia, mnyama aliyepasuliwa akakutwa hana moyo. Hata kazi za makuhani zimechanganywa, kwani maaguri ndio wanaopasua matumbo, kazi ambayo Roma ilikuwa ya waharuspisi.

Matokeo yake ni kwamba Kaizari anaonekana kama mtu wa nje katika mambo ya dini. Makuhani wanaleta habari, naye anaipokea au anaipuuza kama mteja anayebishana na mwaguzi. Wanafunzi wengi huhitimisha kuwa dhamira ya sehemu hii ni majivuno ya mtu asiyesikia maonyo. Uhakiki wa namna hiyo si wa makosa, lakini ni finyu. Anayepuuza ishara hapa ndiye mwenye dhamana ya ibada zote za dola.

Tukilirudisha jambo hili, maonyesho mawili yanabadilika. La kwanza ni lile la taji. Antonius anamtolea Kaizari taji siku ya Luperkali, naye Antonius mwenyewe, kihistoria, alikuwa mkuu wa kundi jipya la Luperki lililopewa jina la ukoo wa Kaizari. Yaani, kuhani anamtolea mkuu wa makuhani ishara ya ufalme katikati ya ibada. Umati ulioguna haukuwa ukitazama siasa iliyotokea kwa bahati tu siku ya sikukuu. Ulikuwa ukitazama ufunguo ukizungushwa.

La pili ni onyesho la njama katika bustani ya Brutus. Hapo Brutus anawasihi wenzake wakiendee kifo cha Kaizari kama watu wanaotoa kafara, si kama wauza nyama. Kauli hii huchukuliwa kuwa tamathali nzuri inayoonyesha uadilifu wake. Lakini katika Roma halisi, nani aliyekuwa na mamlaka juu ya kafara za mji? Ni yule aliyekusudiwa kuchinjwa. Brutus anamnyang'anya Kaizari uhai, na kabla ya hapo anamnyang'anya cheo. Anajiweka yeye kuwa mtoa kafara, na mkuu wa kafara anamfanya mnyama wa madhabahu. Baadaye, anapowataka wenzake waitie mikono yao katika damu, wanafanya ibada isiyo na kuhani halali. Ndiyo sababu, kwa maoni yetu, ibada hiyo haisafishi chochote, na damu inaendelea kudaiwa hadi Philippi.

5.0 Nani mwenye mwaka?

Kuna mahali pamoja ambapo cheo cha Kaizari kinachungulia katika tamthilia bila kutajwa. Usiku wa njama Brutus hana hakika ya tarehe. Anamtuma kijana wake Lucius akaitazame kalenda. Kalenda ile ilikuwa kazi ya Kaizari. Mwaka wa Kirumi ulikuwa ukirekebishwa kwa kuongeza mwezi wa ziada kila baada ya miaka michache, na uamuzi ulikuwa wa mapontifi, ambao walilaumiwa kwa kuurefusha mwaka kwa faida ya marafiki na kuufupisha kwa hasara ya mahasimu. Caesar alikuwa mkuu wa baraza hilo tangu 63 K.K., kwa hiyo mvurugiko alioutengeneza ulikua pia chini ya dhamana yake. Mwaka 46 K.K. ulirefushwa ukawa na siku 445, na tangu Januari 45 K.K. kalenda mpya ikaanza. Plutarch anasema kwamba mtu mmoja alipotaja kuwa nyota za Kinubi zitachomoza kesho, Cicero alijibu kuwa naam, zitachomoza kwa amri. Mzaha huo unaeleza vizuri hofu ya wauaji kuliko hotuba ndefu.

Jamii za Waswahili hazihitaji kufundishwa kwamba mwaka una mwenyewe. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa hufunguliwa kwa kuchoma kibanda na kupigana kwa mabua ya migomba, kwa kufuata mwaka wa siku 365 ulio na asili ya Nairuzi ya Kiajemi. Na katika mila za Unguja mvyale, yaani mwenyeji wa asili aliyekabidhiwa mizimu ya mahali, ana heshima ambayo mtawala wa mbali hawezi kujipa. Tofauti na mvyale, pontifex alipata cheo kwa kura. Lakini wote wawili wanatukumbusha kuwa kuufungua mwaka ni mamlaka.

Kongo nayo ina mfano wake. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu uliiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa. Waumini waliendelea kusali, lakini kila mtu alielewa kilichokuwa kikisemwa: siku ni mali ya nani. Nilipouleta mfano huu darasani, hapakuwa tena na kicheko. Mwanafunzi mwingine aliongeza kwamba hata saa ni vivyo hivyo, kwani Kinshasa ikiwa saa sita mchana, Kisangani ni saa saba. Kuanzia hapo Brutus anayeitafuta tarehe gizani hakuwa tena mtu msahaulifu. Alikuwa raia anayetaka kumuua mtu ambaye lazima aitumie kalenda yake ili kujua siku ya kumuulia.

6.0 Suala la tafsiri

Je, tumwite pontifex maximus nani kwa Kiswahili? "Padri mkuu" halifai, kwa kuwa linamfanya Mkristo kabla ya Kristo. "Mganga mkuu" linampa uwezo ambao hakuwa nao, na tena leo ni cheo cha hospitali. "Kuhani mkuu" limezoeleka nalo lina uzito wa kutosha jukwaani, kwa hiyo tunapendekeza libaki, kwa sharti moja: toleo la darasani liambatane na maelezo kwamba kuhani huyu ni mkuu wa baraza la ibada za dola, aliyechaguliwa, na aliyeweza wakati huohuo kuwa jemadari. Bila maelezo hayo neno litatupeleka kwa Kayafa, na huko Kaizari hayuko.

Mfasiri halaumiwi kwa kutokuongeza kile ambacho mwandishi wa asili hakukisema. Uaminifu wa tafsiri ni pamoja na kuuheshimu ukimya wa matini. Ni kazi ya mwalimu na mhakiki kuujaza ukimya huo, na kazi hiyo ndiyo niliyoikwepa siku ile kwa jibu la haraka.

7.0 Hitimisho

Baada ya Caesar cheo kilichukuliwa na Lepidus. Augustus alisubiri hadi mzee huyo afe, akakitwaa mwaka 12 K.K., na tangu hapo wafalme wa Roma walikishika hadi mwishoni mwa karne ya 4 B.K. Baadaye mapapa wakaitwa kwa jina hilohilo, na mmoja wao, Gregory XIII, akairekebisha kalenda ya Caesar mwaka 1582. Uingereza ya Kiprotestanti ilikataa kumfuata hadi mwaka 1752, hivyo Shakespeare aliandika tamthilia hii katika nchi ambayo tarehe yake ilikuwa nyuma ya ile ya Roma kwa siku 10.

Wanafunzi wa Kabondo walimjua Kaisari wa Injili kabla hawajamjua Kaizari wa Nyerere. Walimjua kupitia kisa cha sarafu, kinachotumika mara nyingi kutenganisha haki ya mtawala na haki ya Mungu. Sarafu ya fedha ambayo wataalamu wengi wanaihusisha na kisa hicho ni ya Tiberius. Upande mmoja ina sura yake. Upande wa pili, kwa herufi za mkato, imeandikwa kwamba mwenye sura hiyo ni pontifex maximus. Basi jibu la swali lililochekwa lilikuwa limepigwa chapa katika fedha tangu zamani, na aliyeuliza alistahili kujibiwa siku ileile.