Fundi Anayesoma Picha

Mpelekee fundi cherehani hodari wa Tukuyu picha ya zamani ya bibi yako akiwa amevaa gauni la kiuno chembamba na ukosi mpana, kisha umwache aitazame. Hatakimbilia futi. Ataanza na mikunjo. Kitambaa kizito huanguka kwa mistari michache iliyonyooka; chepesi hujikunja ovyo kwenye kiwiko. Kifua kikivutika kuelekea kwapani, mkono ulikatwa kwa kubana. Pindo likiwa limelegea upande mmoja, huenda sketi ilikatwa mshazari. Picha imeonyesha mbele tu, naye anakueleza mgongo ulivyoshonwa na zipu ilipokaa. Kwangu mimi huo ni usomaji wa hali ya juu, na hausifiwi vya kutosha.

Wilaya ya Rungwe, uliko mji wa Tukuyu, haina uhaba wa vya kusoma. Daktari Mjerumani Friedrich Fülleborn alichapisha mwaka 1906 kitabu kinene kuhusu nchi ya Ziwa Nyasa na Ruvuma, chenye picha nyingi za watu wa huku. Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akatoa Good Company, kitabu kinachoeleza vijiji vya marika. Nguo za magome ya miti na pete za shaba za kiunoni walizovaa Wanyakyusa wa zamani zina mengi ya kumfundisha mbunifu wa leo: namna ya kubana kiuno bila mkanda wa ngozi, namna ya kuacha bega likiwa wazi na bado likaheshimika. Lakini picha za wakati ule wa Wajerumani nazitazama kwa tahadhari. Waliopigwa picha mara nyingi hawakuchagua wasimameje, wala hawakupewa nakala wakatundike nyumbani.

Ndiyo maana nazithamini zaidi picha za studio za miaka ya 60 na 70, zile zilizo kwenye fremu sebuleni Bulyaga, Katumba na Kiwira. Hapo mtu alijichagulia. Kijana kavaa bugaluu, suruali pana miguuni, na raizoni, viatu vya soli nene, mkono kiunoni. Dada yake kajifunga kitenge juu ya blauzi ya kola ndefu. Fundi anayejua historia huzisoma vizuri zaidi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ukaanza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Urefu wa pindo kwenye picha za miaka hiyo unabeba mabishano ya taifa zima. Kule Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha zake zimetunzwa pamoja. Zetu za Rungwe zimetawanyika kwenye kuta zenye unyevu.

Filamu inaongeza kile ambacho picha haina: mwendo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, inarudi Zanzibar ya miaka ya 1950. Mtazame mhusika anapopanda ngazi au kugeuka. Hapo utajua sketi inahitaji upana kiasi gani.

Hata hivyo, gauni jepesi la pwani haliwezi kuhamia Tukuyu vilevile. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake haina haraka ya kuondoka. Fundi mzuri ataweka bitana, atarefusha mkono, atapunguza upana wa pindo lisibebe tope la njia ya shambani, na bado ukiliona gauni utajua limetoka enzi gani. Anayenakili tu mshono kutoka kwenye simu hafiki hapo.

Basi, wenye picha hizo za sebuleni, zitoeni kwenye fremu kabla ukungu haujazila. Waulizeni mama na bibi zenu rangi ya kitambaa, kilinunuliwa wapi na nani alikishona, kisha andikeni majibu nyuma ya picha kwa penseli, pamoja na mwaka na jina la fundi.