Hayley Wickenheiser: Mabao Yaliyogeuka Pasi

Sisi wa Mpapura, mkoani Mtwara, ambao barafu tuijuayo ni ile ivunjwayo vipande na kufunikia samaki watokao pwani, twaweza kudhani kwamba mpira wa magongo uchezwao juu ya barafu hautuhusu hata kidogo. Lakini apendaye kujua jinsi stadi anavyougeuza ustadi wake pindi hali inapomgeukia, hana budi kumtazama Hayley Wickenheiser, mwanamke wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1978 katika mji mdogo wa Shaunavon, akaingia timu ya taifa akiwa na umri wa miaka 15, na akatwaa dhahabu nne za Olimpiki baina ya 2002 na 2014.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2002 huko Salt Lake City, ambako Kanada iliishinda Marekani 3–2 katika fainali baada ya kufungwa nayo mechi nane mfululizo kabla ya mashindano, Wickenheiser alifunga mabao 7 na kutoa pasi za mabao 3. Mwaka 2006 huko Turin alifunga mabao 5 na kutoa pasi za mabao 12. Na mara zote mbili alitangazwa kuwa mchezaji bora. Mwenye kubisha atasema, wala hasemi upuuzi, kwamba Kanada ya 2006 iliifunga Italia 16–0 na Urusi 12–0, na katika mvua ya mabao kama ile kila mtu huokota pasi. Sawa, ila mvua ileile ingeweza kumnyeshea mabao vilevile, na haikumnyeshea.

Sababu yake, nadhani, yapatikana baina ya Olimpiki hizo mbili, alipokwenda Ufini. Kwanza alitaka kucheza Italia, na shirikisho la huko likakataza mwanamke asichezee ligi ya wanaume. Ndipo Januari 2003 akajiunga na Salamat, timu ya wanaume ya Kirkkonummi iliyokuwa katika ngazi ya tatu ya ligi za huko. Ili tufahamu uzito wa hatua hiyo, yafaa tukumbuke kuwa katika mchezo wa wanawake kumkumba mpinzani kwa mwili kulipigwa marufuku baada ya mashindano ya dunia ya 1990, na kwa hiyo mwanamke mwenye kimo cha sentimita 178 na uzito wa kilo 77 alikuwa na hazina kubwa: aliweza kukitia mgongoni kisahani cheusi cha mpira mgumu, ambacho ndicho mpira wa mchezo huu, akakilinda kwa kiwiliwili chake, akangoja apendavyo, ilhali adui hana ruhusa ila ya kukipapasia kwa gongo. Kwa wanaume hazina hiyo ilibatilika siku moja. Walikuwa wazito kumpita, kukumbana ni halali, na mwenye kukawia na kisahani hubanwa ukutani hata pumzi zikamtoka.

Mshambuliaji wa kati aliye katika hali hiyo hubakiwa na silaha moja, nayo ni wakati. Lazima apeleke jicho nyuma ya bega kabla kisahani hakijamfikia, ajue tayari kitakwenda wapi, akipokee hali yumo mwendoni wala si wima, akiachie kwa mguso wa kwanza, kisha aingie penye nafasi ambapo yule aliyekusudia kumkumba ametoka. Ndivyo afanyavyo nahodha katika mlango wa mto Ruvuma, ageuzaye usukani kabla ya kulifikia fungu la mchanga. Uwanja nao ulimsaidia, maana viwanja vya Ulaya vya wakati ule vilikaribia mita 30 kwa upana, hali vya Amerika Kaskazini ni kama mita 26, na mita hizo nne ni mlango wa pasi.

Bao lake la tarehe 1 Februari 2003 lilienea magazetini kuwa la kwanza kufungwa na mwanamke katika ligi ya kulipwa ya wanaume, nami naona magazeti yalikipenda kisichofundisha. Katika mechi 23 alifunga mabao mawili tu. Pasi zake ziliyapita mabao kwa mbali, na timu ikapanda daraja. Huko juu maarifa peke yake hayakutosha, kwa kuwa kasi ilizidi na wakati wa kutazama ukapungua, hata akacheza mechi 10 tu katika msimu uliofuata kisha akaondoka. Mwaka 2008 alirudi tena kwa wanaume, safari hii Eskilstuna, Uswidi, katika ngazi ya tatu vilevile.

Alipostaafu Januari 2017 daftari la timu ya taifa lilionyesha mechi 276, mabao 168 na pasi za mabao 211: hata humo pasi ziliyapita mabao.