Kazi ya Kunyamaza

Mhubiri akitaka kuisifu okestra hukimbilia Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, pale mwili unapokuwa mmoja wenye viungo vingi. Sina ugomvi na mafundisho hayo, ila naona yanapita juu juu. Umoja hufundishwa na mambo mengi, na kwaya yoyote ya parokia inayoimba sauti nne inaufundisha bila kuhitaji fidla hata moja. Kama okestra ina la kwake la kumpa Mkristo, basi liko pale ambapo msikilizaji haangalii, kwa mpigaji aliyeshika ala yake na wala hapigi. Ninachotaka kutetea hapa ni kwamba kunyamaza kwake ni sehemu ya kupiga, na kwamba hakuna ufundi mwingine wa muziki unaokaribia hivyo maisha ya mtu anayeamini.

Chukua Simfonia ya Tano ya Beethoven, iliyosikika mara ya kwanza Vienna mnamo Desemba 1808. Ina tromboni tatu, na wenye nazo wanaweza kuketi jukwaani tangu mwanzo pamoja na wenzao, lakini hawatoi mlio sehemu ya kwanza, ya pili wala ya tatu, yaani karibu theluthi mbili za kazi yote. Sauti yao ya kwanza hutoka sehemu ya nne inapofunguka, kwa nguvu zote, na mtunzi hakuwaachia hata nafasi ya kukohoa, kwa kuwa sehemu ya tatu inamwagikia ya nne bila kituo. Ukiwa kwenye viti vya mbele utaona jinsi wanavyojiandaa. Shaba ikipoa sauti hushuka, kwa hiyo mpigaji huipulizia ala yake hewa ya joto polepole, bila kutoa sauti. Hulainisha midomo. Macho yake hayabanduki kwa mwongozaji, ingawa mwongozaji kwa wakati huo hana haja naye. Katika Simfonia ya Tisa ya Dvořák, iliyozinduliwa New York mwaka 1893, hali ni ngumu zaidi: matoazi yana pigo moja tu katika kazi nzima, tena si la kishindo. Mwenye matoazi akilikosa, hana la pili la kujirekebishia. Mtu wa nje atasema huyo amelipwa kwa kukaa. Wapigaji wenzake wanajua kwamba amefanya kazi muda wote ule, kwa sababu alama ya kimya kwenye karatasi yake imeandikwa na mkono uleule ulioandika noti.

Hapo ndipo imani inapoingia. Makanisani mwetu tumezoea kuipima imani kwa sauti: maombi ya kupaza, ushuhuda wa kila wiki, majibu yanayokuja upesi. Msimu wa ukame ukifika, mtu akiomba na mbingu zisijibu, huambiwa kwamba imani yake imepungua, au yeye mwenyewe huanza kuamini hivyo. Biblia haisemi hivyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado imo ndani ya kitabu cha sala. Simeoni na Ana, katika sura ya pili ya Luka, wanatokea mara moja tu, kisha Injili haiwataji tena. Nyuma ya mistari yao michache kuna miaka mingi ya kungoja. Ana mwenyewe alikuwa mjane mkongwe, miaka themanini na minne inatajwa. Msomaji wa haraka huuona wimbo wa Simeoni tu. Mimi nadhani kazi yake kubwa ilikuwa imekwisha kufanyika kabla hajafungua kinywa.

Mfano ulio karibu nasi uko Kongo. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa Nkamba mwaka 1921. Kabla mwaka haujaisha Wabelgiji walikuwa wamemkamata na kumhukumu kifo, hukumu ambayo Mfalme Albert wa Kwanza aliigeuza kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani miaka thelathini hadi alipofariki Oktoba 1951. Miezi michache ya kuhubiri, miongo mitatu ya ukimya. Na katika miongo hiyo wafuasi wake, mkewe Marie Muilu akiwa kati yao, waliendelea kwa siri mpaka serikali ilipolitambua kanisa lao mwaka 1959. Wakristo wengi wanapingana na mafundisho ya Wakimbangu kuhusu mwanzilishi wao, nami sitetei mafundisho hayo. Natazama tu kilichotokea baadaye. Mwaka 1994 mjukuu wake, Armand Diangienda, alianzisha okestra ya kanisa hilo jijini Kinshasa. Ala hazikutosha. Wapigaji waliachiana fidla kwa zamu, na uzi ulipokatika walitumia waya wa breki za baiskeli. Asiye na zamu alikaa akisikiliza mwenzake anavyokosea na anavyopatia. Okestra hiyo baadaye ilipiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, kazi ambayo waimbaji hungojea sehemu tatu nzima kabla ya kuanza kuimba.

Lakini kuna pingamizi zito, na sipendi kulikwepa. Neno “ngoja zamu yako” limetumika vibaya mno. Mkoloni aliwaambia Waafrika wangoje, wanaume wamewaambia wanawake kanisani wakae kimya, na tajiri humwambia maskini kwamba malipo yake yako mbinguni. Je, sifa hizi za ukimya hazimpi mwonevu fimbo nyingine? Zingempa, kama ukimya wa okestra ungeamriwa na mpigaji mwenzako. Hauamriwi naye. Mpigaji wa fidla ya kwanza, hata awe na kipaji gani, hana ruhusa ya kuifuta noti ya tromboni, na mwongozaji naye, ambaye hatoi sauti yoyote, anawajibika kwa kitabu kilekile kilicho mbele yake. Tena kitabu hicho kinaagiza kuingia kama kinavyoagiza kunyamaza. Mwenye tromboni akiendelea kukaa kimya sehemu ya nne inapoanza, ameiharibu simfonia kuliko aliyeingia mapema. Anayeona dhuluma akanyamaza asijifiche nyuma ya muziki.

Pingamizi la pili linanishinda zaidi. Mpigaji anajua kimya chake kina urefu gani. Karatasi inamwambia, na mara nyingi wachapishaji humwekea noti ndogo za ala nyingine ili ajue pa kuingilia. Mwamini hana namba hiyo. Mgonjwa hajui ataumwa hadi lini, wala mfungwa wa Elisabethville hakuambiwa. Hapo mfano unakatika, na ni vizuri ukatike, maana vinginevyo imani ingekuwa ratiba. Kinachobaki ni zile noti ndogo: mpigaji hujua mahali alipo kwa kuwasikiliza wengine, na anayehesabu peke yake bila kusikiliza hupotea. Mwamini asiye na namba bado ana wenzake wa kuwasikiliza. Na wasioamini wanaopiga vizuri, tena wako wengi? Nawakubali bila shida. Ufundi hutia nidhamu masikioni. Haujidai kumwokoa mtu.

Bendi nyingi za makanisa yetu leo hazina hata mtu mmoja aliyenyamaza. Kinanda, gitaa, besi na ngoma huanza pamoja na kuisha pamoja, spika zikiwa juu, na kijana anaweza kuitumikia madhabahu miaka mitano asijue kuhesabu mapumziko. Ninyi mnaoongoza kwaya na bendi hizo, mnapopanga nyimbo za Jumapili ijayo, mpeni mmoja wa wapigaji kimya kirefu, mkiandike kwenye karatasi yake, na mmweleze kwamba hiyo nayo ni zamu.